Mkorogo wa Simu: Madogo wa Mkolani Wanavyochubua Watu kwa Programu za Wizi

Wadau, pita Mkolani Jumamosi jioni, kuanzia barabara kubwa ya kwenda Shinyanga mpaka kule juu kwenye miamba, lazima ukutane na dogo mwenye kamera shingoni. Siku hizi kila mtaa una wake. Yupo wa simu, yupo wa Canon ya mtumba, yupo aliyeazima ya mjomba wake na bado hajairudisha. Hilo ni jambo zuri na hakuna wa kulipinga. Jiji lina miamba, lina ziwa, lina jua la kuzama ambalo watu wa mikoa mingine wanalipa nauli kuja kuliona. Mtu akitaka kupiga picha kwa kujifurahisha, apige mpaka achoke.

Tatizo linaanza akishafika geto na kufungua programu ya kuhariri.

Maana picha inatoka Mkolani ikiwa na mtu mweusi, rangi imekolea vizuri kama Mungu alivyompa. Ikifika Instagram anaonekana mtu wa rangi ya sembe. Pua imenyooka, kidevu kimechongwa, mashavu hayana hata kitundu kimoja, kama sahani mpya. Mtaani mkorogo unauzwa kwa kujificha, kwa sababu vipodozi vyenye zebaki na hydroquinone vimepigwa marufuku nchini. Kwenye simu mkorogo unapakwa hadharani, na aliyepakwa anategemewa aseme asante na a-tag aliyempaka.

Ukimuuliza dogo anatumia nini, anavimba. "Photoshop, bro. Siyo hizo za kitoto."

Ameinunua? Kimya. Inafanya nini hasa ambacho zile "za kitoto" haziwezi? Kimya. Picha ya asili kabla hajaihariri iko wapi? Hapo ndiyo anaangalia pembeni kabisa.

Wahenga walishamaliza: mchagua jembe si mkulima. Mpiga picha wa kujifurahisha anayehangaika na jina la programu hajaanza kupiga picha bado. Lakini kwa kuwa lazima achague, basi achague kwa maswali matatu. Je, inamwachia picha yake ya asili ikiwa salama? Je, inamwacha mtu na rangi yake? Je, ni yake kihalali, au ni bomu lililolala ndani ya kompyuta? Programu inayofeli haya matatu haifai, hata kama mastaa wote wa Bongo wanaitumia.

JINA KUBWA, LAPTOPU NDOGO

Kwanza, Photoshop ipewe heshima yake. Ilitoka mwaka 1990, kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, na kampuni ya Adobe ikaipeleka dunia nzima. Lightroom, ndugu yake wa kupanga na kusafisha picha nyingi kwa mkupuo, ilitoka 2007. Ni zana kali. Mtu anayekula kupitia picha, anayelipwa na makampuni, akiilipia anajua anachofanya.

Lakini tangu 2013 Adobe waliachana na mtindo wa kununua mara moja. Sasa ni kodi, kama ya chumba. Kwa miaka mingi mpango wa wapiga picha ulikuwa dola 9.99 kwa mwezi. Tangu Januari 2025, wateja wapya hawauziwi tena ule wa 20GB. Uliopo ni wa 1TB kwa dola 19.99 kwa mwezi. Piga hesabu ya haraka: inakaribia shilingi elfu hamsini kila mwezi, kama laki sita kwa mwaka. Kwa dogo anayepiga picha Jumamosi na Jumapili, ambaye mteja wake mkubwa ni shangazi yake, hiyo hela haipo. Na hata ingekuwepo, angefanya nayo mambo ya maana zaidi, kama lenzi.

Halafu kuna mashine yenyewe. Adobe wanasema Photoshop inataka RAM ya 8GB kwa uchache, na wanapendekeza 16GB. Laptopu nyingi za mitaani ni mitumba ya maofisini, RAM 4GB, diski imechoka, feni inalia kama pikipiki inayopanda mlima. Dogo anafungua Photoshop, anaenda kuchota maji, anarudi, bado inafunguka. Akibonyeza kitu kimoja anasubiri. Akibonyeza viwili inaganda. Usiku mzima ameshughulikia picha nne, na zote amezipausha.

Sasa kama hana hela na hana mashine, Photoshop ameipata wapi? Hapo ndipo anapoingia fundi.

FUNDI WA FLESHI

Kila mtaa una fundi wa fleshi. Anajulikana. Anakuwekea Windows, anakuwekea muvi, anakuwekea Photoshop "full" kwa hela ya chipsi kuku. Kabla hajaanza, anafanya jambo moja ambalo lilitakiwa kumshtua kila mtu: anazima antivairasi.

Hebu tafakari. Mtu anakuja kwako kukuletea kabati, anasema kwanza mfunge mbwa, mwambie mlinzi alale, na geti liache wazi. Wewe unasema sawa kaka. Kwenye mambo ya nyumba ungemfukuza. Kwenye kompyuta unampa na soda.

Hii siyo hadithi ya kutishia watoto. Kuna kirusi kinaitwa STOP/Djvu, kinajulikana dunia nzima tangu 2018, na njia yake kubwa ya kusambaa ni hizohizo programu zilizovunjwa kufuli. Kikiingia kinafunga mafaili yote: picha, video, nyaraka za chuo, kila kitu. Yanabaki pale unayaona majina, lakini hayafunguki. Kisha kinaacha barua ndani ya mashine: lipa dola 980 upewe ufunguo, ukiwahi ndani ya saa 72 utapunguziwa mpaka 490. Hiyo nusu bei peke yake ni zaidi ya milioni moja ya kitanzania. Na hata ukilipa, unamlipa mwizi kwa kuamini neno la mwizi.

Kuna kijana mmoja, mkazi wa njia ya Buhongwa, alipiga picha za mahafali ya rafiki zake. Hakulipwa kitu, ilikuwa ushkaji tu. Wazazi walitoka mbali, wengine walivuka ziwa, wengine walilala ndani ya basi. Mama mmoja aliuza ng'ombe mtoto asome, siku ile akavalishwa joho la mwanaye kwa dakika mbili ili apigwe picha. Siku ya tatu kompyuta ya kijana ikaanza kuandika barua ya kudai dola. Picha mia tatu na zaidi zikawa majina matupu. Kadi ya kamera alishaifuta ili apige harusi nyingine.

Yule mama akapiga simu. "Mwanangu, zile picha vipi?"

"Mama shikamoo. Kompyuta imeleta shida kidogo."

"Marahaba. Haya baba, ikipona utanitumia."

Mpaka leo anasubiri ipone. Hakuna mtu mwenye ujasiri wa kumwambia.

Wavuvi wa Ziwa Victoria wanalielewa jambo hili kuliko wapiga picha. Kokoro limepigwa marufuku, kila mtu anajua, na kila mtu anajua kwa nini: linazoa mpaka vifaranga, leo unakula, kesho ziwa tupu. Programu ya kuvunjwa kufuli ni kokoro la kompyuta. Siku ya kwanza unajiona mjanja. Siku ukihitaji samaki, hayupo.

Na kuna unafiki mmoja lazima usemwe. Hawahawa madogo, picha yao ikichukuliwa na ukurasa mkubwa wa udaku bila jina lao, wanawaka. Wanaandika hadi saa nane usiku. "Heshimuni kazi za watu!" Ni kweli, ziheshimiwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha. Lakini sheria hiyohiyo inalinda na programu za kompyuta. Huwezi kulilia jasho lako huku umeketi juu ya jasho la mwenzio.

PRESETI ZA ULAYA, NGOZI YA KANDA YA ZIWA

Tuseme dogo ameepuka fundi wa fleshi. Anatumia Lightroom ya simu, ile ya bure, ambayo ni halali na ni nzuri. Bado hajavuka. Huko anamkuta muuza preseti.

Muuza preseti ni staa wa mtandaoni. Ana wafuasi wengi, ana video za "kabla na baada", ana maneno matamu. Anauza preseti kumi, unalipia kwa simu, unatumiwa faili. Unabonyeza mara moja, picha yako inakuwa "ya mamtoni". Na kweli inakuwa ya mamtoni, kwa maana mtu aliyemo naye anakuwa wa huko.

Kuna sababu ya kitaalamu, na haina uchawi. Programu hizi zinagawa picha kwa rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani na kuendelea. Ngozi ya binadamu, awe Msukuma au Mswidi, inaangukia zaidi kwenye chungwa na nyekundu. Preseti nyingi zinazouzwa zimepikwa kwa watu weupe, pwani za huko, jua la huko. Zinapandisha mwangaza wa chungwa na kupunguza ukolevu wake ili ngozi ya yule Mzungu ionekane laini kama maziwa. Chukua dawa hiyohiyo mwekee mtu wa Mkolani. Ngozi yake ndiyo chungwa lenyewe. Unapandisha, anapauka. Unapunguza ukolevu, anakuwa kijivu, kama aliyetoka kusaga mahindi mashineni. Ule mng'ao wa kwenye paji la uso na kwenye mfupa wa shavu, ambao ndio unaoipa sura nyeusi umbo lake, unafutwa kama ni jasho.

Na jambo hili ni la zamani kuliko simu. Enzi za filamu, maabara za picha zilikuwa zinapima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa. Mtu mweusi akitoka kama kivuli chenye meno, hilo lilikuwa shauri yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtengeneza filamu Jean-Luc Godard alialikwa Msumbiji, hapo jirani tu, akakataa kutumia filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi wa rangi. Kodak wenyewe walikuja kuboresha filamu zao kwenye rangi za kahawia, na miongoni mwa waliowasukuma walikuwa wenye viwanda vya chokoleti na samani, waliochoka kuona bidhaa zao zikitoka vibaya. Soma tena hapo. Meza ya mbao ilisikilizwa kabla ya binadamu.

Zama za programu hadithi ikaendelea. Mwaka 2017 FaceApp walitoa filta ya kumfanya mtu awe "wa kuvutia", watu wakagundua inachofanya ni kuwang'arisha ngozi. Kampuni ikaomba radhi. Novemba mwaka huohuo, Lupita Nyong'o, binti wa Kenya mwenye tuzo ya Oscar, alijikuta kwenye jalada la jarida la Grazia la Uingereza nywele zake za asili zikiwa zimekatwa na kulainishwa kwa kompyuta. Hakunyamaza. Alisema waziwazi kwamba wameondoa sehemu ya asili yake. Jarida likaomba radhi, na mpiga picha naye akaomba radhi.

Kisha 2021 Google wakatoa simu ya Pixel 6 wakajisifu kwamba kamera yake sasa inaijali ngozi nyeusi. Yaani makampuni makubwa ya dunia yanatumia hela kurekebisha kosa hilo, halafu dogo wa Mkolani, mweusi mwenyewe, mama yake mweusi, anatoa elfu kumi yake ya bando kulinunua upya.

PICHA YA MSIBANI

Wapo watakaosema ni burudani tu, kwani kuna aliyekufa?

Yupo. Kuna familia moja mzee wao alifariki. Mzee hakuwa mtu wa picha. Picha yake moja nzuri ilipigwa kwenye sendofu ya mjukuu, akiwa na koti lake la kaki na kofia, anacheka. Aliyepiga ni kijana wa mtaani, kwa kujifurahisha. Alikuwa ameipitisha kwenye programu moja maarufu ya urembo, ile inayolainisha yenyewe hata usipoiambia, akahifadhi juu ya ileile ya mwanzo. Siku ile watu walimsifia. "Mzee kawa kijana!"

Wakati wa msiba wanafamilia wakaitaka picha ile ikae mbele ya jeneza. Ikachapishwa kubwa, ikawekwa kwenye fremu. Kilichokuwa kinapendeza kwenye kioo cha simu, kwenye karatasi kikawa mtu mwingine. Mikunjo ya uso haipo. Kovu la kwenye shavu, ambalo kila mtoto wa ile nyumba alisimuliwa lilivyopatikana, halipo. Rangi ya mzee haipo. Mjukuu mdogo akamshika mama yake gauni akauliza, "Mama, huyu ni babu wa nani?"

Wakamfuata kijana awape ile ya asili. Hana. Aliibandika mpya juu ya ya zamani na hakuna pa kuirudisha. Mwisho wakachukua picha ya kitambulisho cha NIDA wakaikuza, ikatoka nukta nukta kama imenyeshewa mvua. Ndiyo hiyo iliyokwenda makaburini. Nukta nukta, lakini alikuwa ni yeye.

Kwa hiyo anayesema ni burudani tu, akumbuke kwamba hakuna anayejua picha ipi itakuwa ya mwisho. Ndiyo sababu swali la kwanza la programu yoyote siyo "inang'arisha?" Ni "inatunza ya asili?"

"WATEJA NDIO WANATAKA WEUPE"

Utetezi wa kawaida ndio huo. Dada mwenyewe kaja kasema, "Kaka nifanye niwe mweupe kidogo." Sasa fundi afanyeje?

Ni kweli wapo wanaoomba. Wapo pia wanaoomba mkorogo dukani. Muuza duka anayejitambua hauzi. Lakini zaidi ya hapo, wengi wanaoomba weupe hawaombi weupe. Wanaomba kuonekana. Wamezoea kupigwa picha saa saba mchana, jua la utosi, wamesimama mbele ya ukuta mweupe au shela linalomeremeta, kamera ikapima ule weupe na kuwaacha wao gizani. Macho hayaonekani, ni meno tu. Mtu huyo akisema "nifanye mweupe," maana yake ni "nitoe gizani." Tiba yake ni mwanga, siyo ngozi nyingine.

Na mwanga huko Mwanza ni wa bure. Msogeze chini ya kivuli cha mwamba, uso uelekee kwenye uwazi. Subiri saa kumi na moja jioni, ziwa linapogeuka shaba. Geuza uso uelekee ukuta wa rangi ya krimu. Wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wengi wanapumzika, kwa sababu wanajua mwanga ndio unaoamua kazi. Mpiga picha asiyejua hilo hata umpe Photoshop tatu, atarudi na ndoo tupu.

BASI ATUMIE NINI?

Haya sasa, mtu asije akasema amesemwa bila kuonyeshwa njia.

Mwenye simu tu, aanze na Snapseed. Ilitengenezwa na Nik Software mwaka 2011, Google wakainunua kampuni hiyo 2012, na ni bure. Haina matangazo, haidai kodi ya mwezi, inafungua hata mafaili ya RAW ya DNG yanayotoka kwenye simu zenye hali ya kitaalamu. Unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua uone ulichofanya. Ukimaliza, toa nakala mpya, usihifadhi juu ya ile ya mwanzo. Lightroom ya simu ya bure nayo inafaa, ila kaa mbali na muuza preseti.

Mwenye laptopu na kamera inayopiga RAW, kuna darktable, iliyoanza 2009, na RawTherapee. Zote bure kabisa, zote halali, zinakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Uzuri wake mkubwa ni huu: hazigusi picha ya asili hata kidogo. Kila unachofanya kinaandikwa kwenye kijifaili kidogo pembeni. Ukikosea, ukilewa sifa, ukimpausha mtu usiku wa manane, asubuhi unafuta tu, picha iko kama ilivyotoka kwenye kamera. Ile familia yenye msiba ingepata mzee wao.

Darktable ni ngumu kwa mwanzo, hilo halifichwi. Ina vitufe vingi kuliko redio ya babu. Lakini mtu aliyejifunza njia zote za kumvunjia Adobe kufuli atashindwaje kujifunza vitufe vitano? Vinatosha vitano kweli: mwangaza, mizania ya weupe, vivuli, kukata na kunyoosha.

Anayetaka kuunganisha picha, kuondoa kitu, kutengeneza bango, kuna GIMP. Iko hadharani tangu 1996, iliandikwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu huko Marekani, na toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025 likiwa na filta unazoweza kuzirudia na kuzibadilisha bila kuharibu picha. Haifungui RAW peke yake, lakini inashirikiana na darktable au RawTherapee. Asiyetaka kuweka chochote kwenye mashine, au anayetumia kompyuta ya kuazima, kuna Photopea, inafunguka ndani ya kivinjari, inasoma hata mafaili ya PSD, na picha yako haipandishwi popote, inafanyiwa kazi palepale kwenye mashine yako. Na tangu Oktoba 2025 Affinity nayo, iliyokuwa ya kununua, imekuwa bure chini ya Canva, unajisajili tu. Kwa hiyo ule wimbo wa "nitaiba kwa sababu sina hela" umeisha muda wake.

Kisha utaratibu, ambao hauna bei. Nakala ya kila picha ikae sehemu mbili, siyo moja. Kadi ya kamera isifutwe mpaka nakala zimefunguliwa na kuonekana. Rekebisha mizania ya weupe kwanza, tumia kitu cheupe kilichomo kwenye picha, shela au shati, kujipima. Uso ukiwa gizani, inua vivuli taratibu, usiguse ile chungwa. Mwisho, geuza simu umuonyeshe mtu mwenyewe, au mama yake. Mama akisita sekunde moja kumtambua mwanaye, umeshazidisha. Rudi nyuma.

Inawezekana kabisa dogo wa Mkolani akawa bora kuliko yule staa wa preseti. Ana miamba inayotengeneza vivuli vya kila namna, ana mijusi ya bluu yenye vichwa vyekundu inayoota jua bila kudai posho, ana ziwa, ana watu wenye rangi ambayo hakuna kiwanda kilichoweza kuiiga. Hiyo rangi ndiyo mtaji wake. Mpiga picha wa Ulaya anasafiri kuja kuitafuta. Yeye aliyezaliwa nayo anaifuta kwa kidole, kwa programu ya wizi, kwenye laptopu inayolia.

Picha zake zitabaki. Miaka thelathini ijayo mtoto wa mtu atazifungua akitaka kujua bibi yake alifananaje. Atamkuta bibi, au atakuta sembe?

Haya wadau, uwanja ni wenu. Unatumia programu gani, na picha zako za asili ziko wapi? Dondosha hapo chini. Mafundi wa fleshi nanyi mnakaribishwa kujitetea, ila matusi hapana.